Maziwa Yameisha, Zote Rangi

Sebule yenyewe iko Tabata, mita 5 kwa 4, dari mita 3. Ukizunguka kuta zote unapata mita za mraba 54. Toa mlango, madirisha mawili na uwazi wa kwenda jikoni, zinabaki kama 45. Naanza na hesabu kwa sababu kwenye hesabu sikukosea. Kilichoniponza ni Kiswahili.

Mwenye nyumba ni shabiki wa Yanga. Mkewe ni Simba, wale Wekundu wa Msimbazi. Walibishana wiki mbili mpaka wakapata suluhu: kuta tatu rangi ya maziwa, ukuta wa runinga peke yake damu ya mzee, na hilo lilipita baada ya mama kuapa kwamba damu ya mzee si nyekundu. Mzee akanivuta pembeni. "Fundi, huo mmoja tu. Ukivuka kona, tutaonana wabaya."

Damu ya mzee ni rangi yenye kiburi. Rangi nyepesi kama ya maziwa ina unga mweupe mwingi wa titani dioksidi, na unga huo ndio unaofunika ukuta. Rangi iliyokolea huchanganywa kwenye besi, yaani rangi ya kuanzia, isiyo na unga huo, au yenye kidogo sana, kwa hiyo mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, unaacha mabaka na kila mpito wa rola unaonekana. Wa pili unatuliza, wa tatu ndio unafunika. Lita 1 inakwenda kama mita 10 za mraba kwenye ukuta laini. Ukuta wa runinga ni mita 15, mara tatu ni 45, yaani lita 4 na nusu. Galoni ni lita 4, nikaagiza mbili. Hiyo 45 ishike, itarudi.

Ya maziwa nayo nikaagiza galoni mbili. Lakini kuta zilikuwa zimetoka kupigwa puti, na puti mpya inakunywa rangi kama mchanga. Ilitakiwa itangulie praima, rangi ya chini ya kuziba ukuta. Mzee akasema praima ni gharama za kubuni, nami nikanyamaza. Mkono wa kwanza ukala lita 5. Asubuhi iliyofuata nikamwambia mama, "Maziwa hayatatosha. Ongeza galoni moja, na dukani waangalie namba ya toleo iwe ileile, maana toleo jingine linaweza kupishana kidogo tu ukaona kiraka." Akasema atawapigia simu.

Saa nne niko juu ya ngazi, nakata ukingo wa dari kwa brashi ya inchi 2. Vijana wangu wawili wako dirishani wanapiga msasa fremu. Dada wa kazi akasimama mlangoni.

"Shikamoo fundi. Mama anasema maziwa yameisha. Zote rangi."

"Marahaba. Zote?"

"Zote."

Nikazitazama kuta. Nikauliza kwa uangalifu, kama inavyompasa mtu wa umri wangu kazini: "Hata zile za dirishani?"

Akawatazama vijana wangu. "Hata zile."

Sikushangaa sana. Dukani vitu huisha. Halafu mama ni Simba. Nikajua kapata upenyo, kaamua kufunga goli. Nikafungua galoni.

Kwetu mafundi, rangi ni kitu cha kwenye kopo. Kwa mama ntilie ni chai isiyo na maziwa: anakuuliza "rangi au maziwa?" na hakuna mtu anayewaza brashi. Saluni ni ya kucha na midomo. Kwa wanaomtafutia kijana mchumba ni suala la mweupe au maji ya kunde. Kijana wangu mmoja ametoka Kondoa, Mrangi kabisa, kwa hiyo ni fundi rangi Mrangi, na utani huo tumeshauchoka. Hata majina ya rangi zenyewe yana mitego. Nyeusi, nyeupe na nyekundu ndizo zinazofuata nomino kila inapokwenda: ukuta mweupe, kiti cheupe, milango myeupe. Nyingine nyingi tumeziokota kwenye vitu: jivu, majani, kahawa, chungwa, zambarau. Mteja akikwambia kwenye simu "nipigie ya zambarau", muulize kama ni tunda au ulimi wa aliyelila, maana tunda likiiva linakaribia weusi. Ndiyo maana mimi nadai namba kwenye kadi ya rangi, halafu napiga kipande cha nusu mita ukutani, kikauke, kitazamwe mchana na usiku taa ikiwaka. Rangi ya maji ikikauka huongeza giza kidogo. Hayo yote nilikuwa nimeyafanya. Ila hakuna kadi yenye namba ya chai.

Dada akarudi na chupa na maandazi. Chai ya rangi, tangawizi imekolea. Nikanywa vikombe viwili nimekalia galoni ya damu ya mzee, nikamsifia. Ushahidi nimeushika mkononi, unatoa mvuke.

Sasa ile 45. Rangi iliyotosha ukuta mmoja mara tatu ndiyo hiyohiyo iliyotosha sebule nzima mara moja. Saa nane tukamaliza. Mabaka kila upande, pamekuwa kama bucha. Saa nane na robo bodaboda akapiga honi getini, kapakata galoni ya maziwa. "Mzigo wa mama. Toleo lilelile, kasisitiza."

Nikakaa chini.

Mzee ndiye aliyetangulia kufika. Akasimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi. "Kwa hiyo mimi," akasema taratibu, "nimehamia Msimbazi?" Mama akaingia nyuma yake, akatabasamu kwanza, kisha akakumbuka kukasirika. Mzee akaliona lile tabasamu, na kwa dakika kumi nzuri kesi haikuwa yangu.

Dada akaitwa.

"Mimi nilisema chai."

"Hukusema chai."

"Fundi, saa nne asubuhi, maziwa yameisha. Ulitaka niwe nasema nini?"

Sikuwa na jibu. Chai zote, kuta zote. Angesema "vikombe vyote" ningepona. Na mimi ningeuliza kwa umoja, "hata ule wa dirishani?", angenishangaa palepale, kwa sababu chai haiwi "ule".

Ukipiga maziwa moja kwa moja juu ya damu ya mzee, nyekundu inachungulia na unaishia na pichi. Tukaziacha kuta tatu zikauke usiku kucha, tukapitisha msasa mwepesi, tukapiga praima nyeupe mkono mmoja, lita 3 kwa mita 30, ndipo mikono miwili ya maziwa, lita 6 kati ya 7 zilizokuwepo. Praima nililipa mimi. Ndiyo ileile ya gharama za kubuni.

Siku ya mwisho, saa nne, dada akasimama palepale mlangoni. "Fundi. Chai. Ya kunywa. Maziwa yapo. Vikombe vitatu?"

"Vyote maziwa," nikasema.

"Mimi nipe rangi," mzee akasema kutoka kwenye kochi.

Yule Mrangi akashusha brashi.