Utetezi wa vijana ni kazi ya maana au ni posho za semina tu?

Kila graduate akisema anataka kufanya kazi ya utetezi wa vijana na mambo ya sera, yaani kusukuma sheria na bajeti zinazowagusa vijana zibadilike, mabishano yanaanza. Kuna wanaomwambia hiyo sio kazi, ni kuzunguka mahotelini kula posho na kupiga picha mbele ya mabango, mradi ukiisha unarudi kwenu na begi lenye nembo ya mfadhili. Halafu kuna wanaosema sheria hazijibadilishi zenyewe, lazima wawepo watu ambao kazi yao ni kuzifuatilia kila siku. Mi naona wote wana hoja, shida ni kwamba wanazungumzia kazi mbili tofauti kwa jina moja. Kuna kazi ya matukio na kuna kazi ya kufuatilia, na soko letu linalipia zaidi ile ya kwanza.

Chukua Rebeca Gyumi, maana ndiye mfano unaotajwa sana Tanzania. Ni mwanasheria, alifanya kazi miaka kadhaa Femina Hip, wale wa jarida la Fema ambalo wengi tulilisoma sekondari, alafu akaanzisha Msichana Initiative, asasi ya kutetea haki za wasichana. Mwaka 2016 akaenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vinavyoruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati umri wa kawaida wa mvulana ni 18. Julai mwaka huohuo akashinda, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa ile rufaa. Katikati hapo, 2018, akapewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Anayesema kazi hii haina matokeo aanze kujibu hapo.

Ila tusiishie kwenye tuzo. Mahakama Kuu ilimpa Mwanasheria Mkuu mwaka mmoja arekebishe vile vifungu, na miaka kadhaa baada ya rufaa kwisha serikali ilikuwa bado inazunguka kukusanya maoni, mara viongozi wa dini, mara wazee wa mila. Kwahiyo hukumu unayo mkononi, kitabu cha sheria kimebaki vilevile, na hicho ndicho kipande cha kazi ambacho hakuna kamera inayokifuata, yaani kwenda bungeni Dodoma kila kikao, kukaa na wajumbe wa kamati, kujua muswada umekwama ofisi gani na kwa nini. Kinachukua miaka, na hakuna andiko la mradi la miezi 18 linaloweza kukibeba.

Hapo sasa ndo pesa inapoingia. Asasi nyingi zinaishi kwa wafadhili wa nje, na wote tuliona Januari 2025 Trump aliposimamisha misaada ya Marekani, watu wameamka Jumatatu wana kazi, wiki inaisha wako nyumbani, na USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikaja kufungwa kabisa. Mwenye mkopo wa benki na mtoto shule hawezi kusikia habari ya wito. Alafu kuna umri, Mkataba wa Vijana wa Afrika unahesabu kijana kuanzia 15 hadi 35, kwa hiyo ukifika 36 na CV yako yote imejaa "kiongozi kijana" unabaki unajiuliza wewe ni nani sasa. Aliyeingia na sheria, uchumi, takwimu au afya ya jamii ana pa kwenda. Aliyeingia na uwezo wa kuongea vizuri paneli (na wapo wanaoongea vizuri kweli) anaanza upya, au anaingia chama kinachotawala anapewa cheo na ule ukali wote unapoa, tumewaona wengi tu.

Wakenya wameleta hoja nyingine nzito zaidi. Juni 2024 walioangusha Muswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, wengi hawakuwa na cheo chochote kwenye asasi. Waliusoma wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za makwao, wakausambaza TikTok na X, ile VAT ya mkate ikaondolewa kabla hata ya tarehe 25, siku watu walipoingia bungeni, na baada ya hapo Rais Ruto akakataa kuusaini. Kwa damu, makumi waliuawa miezi ile, hilo lisemwe. Kwahiyo mtu anauliza, kama Gen Z wasio na ofisi wamefanya kwa wiki mbili kitu ambacho warsha za miaka kumi hazikufanya, ofisi za nini?

Swali zuri, lakini angalia kilichofuata. Desemba mwaka huohuo ikapitishwa sheria nyingine ya marekebisho ya kodi na baadhi ya mapendekezo yaliyokataliwa barabarani yakarudi humo. Barabara ilikuwa kimya, watu wanajiandaa na Krismasi, waliobaki wanasoma vifungu kimoja kimoja ni wale ambao hiyo ndo kazi yao. Mi kwa hapo upande wa wanaotetea hii taaluma wananishawishi zaidi, japo sio kwa sababu wanazozitaja wenyewe kwenye mitandao.

Kwetu Tanzania kuna kitu kiko wazi kabisa na hakigombaniwi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inatakiwa iende mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Iliwekwa kisheria 2018, 2023 ikasimamishwa baada ya kelele za ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuhusu fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya. Hapo kuna sera, kuna pesa, na bajeti inapita baraza la madiwani kila mwaka. Kijana anayejua kusoma bajeti ya halmashauri yake na kuuliza ile 4 ya vijana imetengwa shilingi ngapi, imetoka ngapi, vikundi gani vimepata, anafanya utetezi mkubwa kuliko matamko mengi ya Dar. Nafasi za namna hiyo zipo chache, ziko mikoani, na malipo yake ni ya kujikongoja, wakati mkutano wa siku tatu Arusha unakulipia ndege, hoteli na posho, kwahiyo simlaumu sana anayechagua Arusha.