Hamira inaonewa

Ukikata mkate uliooka mwenyewe ukakuta ganda la juu limenyanyuka peke yake, na chini yake kuna pango la kuingia vidole viwili, hapa Tabora wa kwanza kulaumiwa ni hamira. Hamira mbovu, hamira imezidi, dukani wameuza iliyokaa. Wa pili ni mkandaji: hukuupiga unga vya kutosha, hewa haikutoka. Mimi nasema hamira inaonewa, na zile ngumi tunazisifu kupita kiasi. Mkate ni hewa. Ukiitoa yote utatafuna jiwe. Kinachotakiwa ni kuigawa hiyo hewa na kuizuia isikusanyike mahali pamoja.

Wengi wanaamini kwamba hamira ndiyo inayochimba vile vitundu. Sivyo. Hamira ni viumbe hai. Inakula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa gesi ya kaboni dayoksidi pamoja na kileo kidogo. Gesi hiyo haina nguvu ya kufungua tundu jipya katikati ya donge. Inayeyuka kwanza kwenye maji ya unga, halafu inahamia kwenye viputo vya hewa ambavyo vimo tayari, inavijaza na kuvikuza. Na hivyo viputo viliingizwa na mikono yako wakati wa kukanda. Watafiti wawili wa Marekani, Baker na Mize, walilionyesha hilo mwaka 1941. Wenye viwanda nao walilishika: njia ya Chorleywood, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1961, hukanda unga kwa mashine yenye nguvu kwa dakika chache tu, huku hewa iliyomo ndani ya mashine ikidhibitiwa makusudi ili vitundu vitoke vidogo na sawasawa. Mikate laini ya kiwandani tunayoinunua imekatwa slesi tayari ina uhusiano na mambo hayo.

Sisi wa jikoni hatuna mashine, tuna viganja. Kanda mpaka donge liwe nyororo na ukilivuta livutike bila kukatika. Anayekanda dakika tatu kisha akategemea hamira imalizie kazi ameingiza viputo vichache, na hivyo vichache ndivyo vitakavyopokea gesi yote.

Hapo ndipo balaa la mapango linapoanzia. Kiputo kidogo kina msukumo mkubwa ndani yake kuliko kiputo kikubwa, kwa hiyo gesi huvuja kutoka kwa kidogo kwenda kwa kikubwa. Mwenye nacho huongezewa. Ukiliacha donge likae muda mrefu kupita kiasi, vidogo vinakwisha, vikubwa vinaungana, na kuta za unga zinakuwa nyembamba mpaka zinapasuka. Kwa sababu hiyo tunaubonyeza unga baada ya kuumuka mara ya kwanza. Lakini kubonyeza, si kupigana nao. Ulaze ubaoni, ukandamize kwa viganja, uukunje mara mbili tatu. Viputo vikubwa vinagawanyika, na hamira inasogezwa kwenye chakula kipya. Ngumi za kishindo zinachana nyuzi za gluteni, ile protini ya ngano inayoushikilia unga, ulizozijenga kwa jasho, halafu unga unakunjamana na kukataa kutandazika.

Kwa maoni yangu, pango la chini ya ganda mara nyingi huzaliwa wakati wa kuuviringisha mkate kabla ya kuutia kwenye chombo, na hatua hiyo ndiyo tunayoiharakisha. Donge linafinyangwa juujuu, linatupwa ndani ya sufuria, basi. Tandaza unga uwe kipande cha mstatili. Mti wa chapati unafaa kabisa. Anza katikati ukisukumia nje, utaviona viputo vikikimbilia pembeni na kupasuka. Kisha uviringishe kama mkeka, kila mzunguko ukiubana kwa vidole, ufinye ukingo wa mwisho ushike, na upande huo uulaze chini. Na tafadhali, usinyunyize unga mkavu ndani ya hiyo mikunjo, wala usipake mafuta. Sisi na mafuta! Tumezoea kuyapaka kila mahali kwa sababu ya chapati, ambako tunataka tabaka ziachane. Kwenye mkate tunataka zishikane. Penye mafuta hazishiki, na gesi itapita hapohapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mapishi ya mtandaoni hayatuambii. Mengi yameandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari, wa Dar es Salaam au wa mbali zaidi. Tabora iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,200. Msukumo wa hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hivyo gesi ileile inachukua nafasi kubwa zaidi ndani ya donge letu. Juu ya hayo kuna joto. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mchana wetu unapita nyuzi 30, na kasi ya hamira hukaribia kuwa maradufu kwa kila nyuzi kumi zinazopanda kutoka ubaridi hadi kufikia thelathini na kitu hivi. Julai asubuhi jikoni kunaweza kuwa na nyuzi 16. Anayeandika "acha saa moja" anazungumzia jikoni kwake. Saa moja hiyohiyo Julai haitoshi, na Oktoba inaweza kuwa nyingi kupita kiasi.

Kwa hiyo kwa nusu kilo ya unga wa ngano mimi situmii pakiti nzima ya hamira, zile za gramu 11. Nusu yake inatosha, na kwenye joto kali hata chini ya nusu. Chumvi gramu 10, maji mililita 300 hivi, ya kawaida tu. Ya vuguvugu nayaacha kwa ajili ya Julai. Saa naiweka kando. Nabonyeza donge kwa kidole kilicholowa: likirudi upesi, bado, likirudi polepole na kubaki na kijishimo, ni wakati wa moto, lisiporudi kabisa, limepitiliza, na ni afadhali kuliviringisha upya kuliko kulitia jikoni kwa kubahatisha.

Kingine chetu ni ukavu. Kuanzia Mei hadi Oktoba hapa ni upepo na vumbi, na unga ulioachwa wazi unakauka juu kabla ya nusu saa. Ile ngozi kavu haivutiki. Sehemu ya chini inaendelea kupanda, ya juu imegoma, na mkate ukiingia motoni vinaachana. Kitambaa kilicholowa na kukamuliwa vizuri kinatosha. Mfuko wa plastiki uliopakwa maji kwa ndani unafaa pia, mradi usigusane na unga.

Halafu moto. Wengi wetu tunaokea jiko la mkaa: sufuria kubwa, mchanga kidogo chini, chombo cha mkate ndani, makaa juu ya mfuniko. Kosa ninaloliona kwa majirani ni kuyapalia makaa ya juu mapema na kwa wingi, kwa sababu rangi nzuri ndiyo inayosifiwa. Ganda linaiva na kukaza wakati katikati bado ni mbichi. Kumbuka gesi ndani inatanuka kwa joto, maji yanageuka mvuke, na hamira yenyewe inaongeza kasi kabla ya kufa kwenye nyuzi 55 hadi 60. Vyote hivyo vinatafuta pa kwenda, na vikikuta ganda limefunga, vinalinyanyua. Weka makaa machache juu mwanzoni, uongeze mkate ukishapanda. Rangi itakuja tu.

Wapo watakaoniambia kwamba mikate ya Ulaya yenye matundu makubwa ndiyo mikate ya kweli, picha zake zimejaa kwenye simu. Sina ugomvi nayo. Ile hukandwa kwa maji mengi, hushikwa kwa upole, na matundu yake yametawanyika mkate mzima. Pango moja lililokaa chini ya ganda ni ajali, usilipambe kwa jina la ufundi. Zaidi ya hapo, tunaishi mkoa wa asali. Slesi yenye matundu inakuvujishia asali ya miombo mpaka kwenye kiwiko, na bei ya asali nzuri tunaijua. Mkate wa kulia asali uwe na vitundu vidogo.

Ajabu ni kwamba hakuna anayelalamikia andazi lenye pango. Tunalisukuma jembamba, tunalitumbukiza kwenye mafuta ya moto, linafura, na tukilipasua likawa tupu ndani tunasema limeiva vizuri. Gesi ni ileile. Sisi ndio tumeamua pango likae wapi.

Kama kiputo kimoja kimejitokeza juu ya mkate ulioumuka mara ya pili, kitoboe kwa kijiti cha meno na uendelee na kazi zako. Usianze kutoboatoboa mkate mzima.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaokata mkate ukiwa bado unafuka. Ndani kuna mvuke, na wanga haujakaza. Kisu kinakandamiza vitundu vyote ulivyovihangaikia, vinageuka kuwa uji wa kunata, kisha lawama zinarudi palepale kwa hamira. Subiri kama saa moja hivi. Watoto wakikusumbua sana, wakatie ncha.