Shina moja likinyauka, king'olewe kichaka kizima?

Huku Kivu, mashariki mwa Kongo, ukitoka Bukavu kupanda Kabare au Walungu, ubishi wa kwenye migomba ni ule ule. Shina moja limenyauka, mengine matano yamesimama pembeni yake na majani mabichi. Agronomu wa zamani atakuambia ung'oe kichaka chote na kukifukia. Wa siku hizi anasema kata lile lililougua tu, sawasawa na udongo, ukague tena baada ya wiki moja au mbili.

Mnyauko huu wa bakteria uliripotiwa kwanza Ethiopia miaka ya 1960 kwenye enseti, jamaa ya mgomba, kisha mwaka 2001 ukabainika Uganda na huku kwetu Masisi. Majani hugeuka njano, ndizi huiva ovyo kabla ya wakati, shina likikatwa hutoa usaha. Wadudu huubeba kutoka ua dume moja, lile linaloning'inia chini ya mkungu, hadi jingine, na panga letu huubeba pia.

Wa kung'oa hasemi upuuzi. Mashina ya kichaka kimoja yameungana chini kwenye tunguu, na bakteria anaweza kujificha humo miezi bila dalili. Isitoshe, migomba yetu haizai kwa mbegu: kila chipukizi ni nakala ya mama yake, basi udhaifu wa mmoja ni wa shamba zima. Upo mgomba wa mwituni, Musa balbisiana, unaohimili ugonjwa huu, ila ndizi zake zimejaa mbegu ngumu kama changarawe. Kasiksi, yaani pombe ya ndizi, ya hizo, mnywe wenyewe.

Kosa lake ni kuuona mgomba kama bomba, kwamba kilichoingia huku lazima kitokee kule. Mmea hauna damu ya kuzungusha askari, kwa hiyo kila seli inajilinda mahali ilipo. Ikihisi vipande vya bakteria hunenepesha kuta zake, mishipa ya maji huzibwa, na mara nyingine seli zinazozunguka kidonda hujiua ili adui akose njia. Nchini Uganda watafiti waliingiza kwenye migomba jeni za pilipili hoho zinazoharakisha kujiua huko, na baadhi ya migomba hiyo ilistahimili ugonjwa shambani.

Migomba yetu haina jeni hizo na mara nyingi hushindwa. Lakini hushindwa polepole. Iwe ni kwa ulinzi huo au kwa umbali tu kati ya shina na shina, bakteria hafiki kwenye machipukizi yote, na majaribio ya hapa Kivu yalionyesha kwamba kukata shina moja moja bila kuchoka hushusha ugonjwa sana ndani ya mwaka mmoja hivi.

Mimi niko upande wa kukata. Kung'oa ni kazi ya jasho, na familia hukaa mwaka na zaidi bila mkungu, ndiyo maana wengi huficha ugonjwa badala ya kuung'oa. Ila shamba lililougua karibu lote halikatwi tena, hilo ling'olewe. Na ua dume livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa chuma.

Kinachonitia shaka ni kibarua. Asubuhi anapogoa kwa jirani, mchana yuko kwako, na panga ni lile lile. Nani atamwambia alipitishe kwanza motoni au kwenye javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, wakati analipwa kwa idadi ya migomba?