Bati linavuja mwezi wa nne, kodi ililiwa mwezi wa kwanza

Wapangaji wengi hapa Arusha, na wenye nyumba pia, wanaamini kwamba tangu ile sheria ya 1984 ya kudhibiti pango ifutwe mwaka 2005 hakuna tena sheria inayowahusu, umebaki wewe na mkataba wako na Mungu wako. Si kweli. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ina sehemu nzima ya pango, na kifungu cha 88 kinamwekea mwenye nyumba masharti ambayo yanahesabika yapo hata kama mkataba umekaa kimya, hata kama mlielewana kwa mdomo tu mmesimama getini. Chumba cha kuishi kiwe kinafaa kuishi siku unayoingia na kiendelee kufaa muda wote wa pango, na kama umepanga sehemu tu ya jengo, kama tulivyo wengi wa vyumba vya uani, basi paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya majitaka na sehemu za wote kama korido ni juu yake. Cha 89 kinamgeukia mpangaji: lipa kodi, tunza ulichokabidhiwa, uchakavu wa kawaida haukuhusu, na mruhusu mwenye nyumba aingie kukagua kwa muda unaoeleweka.

Kwenye karatasi mambo safi kabisa. Sasa shuka Sombetini, Daraja Mbili au Kwa Mrombo, au kule Moshi Pasua na Njoro, umwambie mama mwenye nyumba kwamba bati linavuja juu ya kitanda. Utajibiwa "kama hupapendi hama", na cha ajabu majirani zako wapangaji wenzako ndo watakuwa wa kwanza kukuona mkorofi, eti unamsumbua mama wa watu.

Nianze na upande wa huyo mama maana una hoja, na wanaomtukana mitandaoni wengi hawajawahi kujenga hata banda la kuku. Wenye nyumba wetu wengi sio makampuni. Ni mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chote kwenye vyumba sita, ni mjane aliyeachiwa uani, ni mtu anayejenga kwa mafungu, mwaka huu msingi mwaka kesho kuta. Mpangaji mmoja anapikia mkaa ndani mpaka silingi bodi inakuwa nyeusi kama sufuria, mwingine anachomeka hita na jiko la umeme kwenye soketi moja inaungua halafu anakuja kudai fundi, mwingine anahama usiku anaacha deni na kitasa kimevunjwa. Ukimpeleka mbele unatumia miezi kudai hela ya miezi miwili. Kwa hiyo mwenye nyumba anaposema sheria inamtazama kama vile ana ofisi na kikosi cha mafundi wakati yeye ana simu ya kitochi na fundi mmoja asiyepokea, anasema kweli.

Na historia iko upande wake kidogo. Sheria ya 1971 ya kutwaa majengo ilichukua nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja ambazo mwenyewe hakai, zikaenda kwa Msajili wa Majengo, baadaye Shirika la Nyumba la Taifa, na kodi zikabaki chini kwa miaka mingi. Mengi ya majengo hayo tuliyaona yakichakaa mpaka balkoni zinamwaga kokoto. Yani hata serikali ilipokuwa ndo mwenye nyumba, hela haikutosha na paa halikuzibwa. Ndo maana mtu akisikia neno udhibiti anashtuka. Ila kupangiwa bei ni jambo moja, na kuambiwa unachokikodisha kwa bei yako mwenyewe kiwe kinafaa kuishi ni jambo lingine kabisa, na haya mawili yanachanganywa makusudi kila mjadala huu ukifunguliwa.

Mimi shida kubwa naiona kwenye kodi ya miezi sita inayodaiwa mbele. Watu wakiongelea hii wanaongelea ugumu wa kuipata hiyo hela kwa mkupuo, kweli ni mgumu, lakini madhara yake kwenye matengenezo ndo hayasemwi. Tuchukue chumba cha elfu 60. Miezi sita ni laki tatu na sitini, unatoa siku ya kwanza, juu yake na mwezi mmoja wa dalali. Tangu hapo mpangaji hana tena kitu cha kumshika nacho mwenye nyumba. Angekuwa analipa mwezi kwa mwezi, choo kikijaa tarehe ishirini, mwenye nyumba anajua tarehe moja kuna mazungumzo. Sasa hivi tarehe moja haina maana, mazungumzo yako miezi minne mbele, na hata kuhama huwezi kwa sababu ukihama unamwachia hela yako. Hapo "hama" sio ushauri tena, ni kumcheka mtu ambaye nauli yake unayo wewe mfukoni.

Halafu geuza uangalie upande wa pili wa hiyo hiyo hela. Vyumba sita mara laki tatu na sitini ni milioni mbili na laki moja na sitini elfu, imeingia kwa pamoja, tuseme Januari. Januari ni ada. Kinachobaki kinanunua bati na simenti za chumba cha saba kule nyuma, maana hela ya mkupuo inajenga na ya vipande inaliwa, hiyo kila mtu anaijua. Ikifika Aprili masika yamekolea, bati linavuja, shimo limejaa linahitaji gari la majitaka, mama wa watu hana kitu. Hadanganyi, kweli hana! Hela ya Aprili, Mei na Juni ya nyumba ile aliitumia Januari. Kwa hiyo mfumo huo huo unaomnyima mpangaji sauti ndo unaomnyima mwenye nyumba uwezo, na bado utasikia wenye nyumba wanautetea kama kinga yao dhidi ya wapangaji wasiolipa. Kinga ipo, sikatai, lakini inalipiwa na paa.

Wengine wanasema mpangaji atengeneze mwenyewe wakatane kwenye kodi ijayo. Inafanyika sana mtaani na kwa watu waungwana inafanya kazi. Ila hebu angalia, mtu ashalipa mpaka Juni, Aprili anatoa tena hela ya fundi na misumari na bati mbili, anamkopesha mwenye nyumba bila karatasi, Julai anaambiwa kodi imepanda elfu kumi. Ameezeka nyumba ya mtu akapandishiwa kodi kwa sababu nyumba imekuwa nzuri. Na hapo bado LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kila mwezi inakata kodi ya jengo ya serikali tangu 2021, ilianza shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500, na anayenunua umeme ni nani? Serikali ilisema hilo la kurudishiana wamalizane mpangaji na mwenye nyumba. Elfu moja mia tano ni ndogo, sawa, lakini inaonyesha mzigo wa mwenye mali unavyoteremka kimya kimya kwa aliyepanga.

Kuna sharti jingine kwenye hicho kifungu cha 88 ambalo sijui kwa nini halisemwi. Nyumba ikiharibika kwa moto, mafuriko au majanga ya aina hiyo na sio uzembe wa mpangaji, kodi au sehemu yake inasimama mpaka pafae tena. Masika ya 2024 maji yaliingia ndani kwa watu wengi Arusha, watu wakalala kwa ndugu, magodoro yakaanikwa kwenye fensi, na kodi ikahesabika kama kawaida. Hakuna aliyedai kwa sababu hakuna aliyejua, na wenye nyumba nao wengi hawakujua, sio roho mbaya.

Tatizo ni kwamba hata ukijua, unadai wapi? Unapitia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 halihukumu tena, linasuluhisha tu, ikishindikana unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hebu fikiria dada wa saluni wa Ngarenaro aache kazi, alipe ada ya kufungua shauri, aandikiwe maombi, apigwe tarehe baada ya tarehe kwa ajili ya bati la chumba cha elfu 60. Haendi. Na mwenye nyumba haendi pia kudai kwake, anaona bora abadilishe kufuli mpangaji akiwa kazini, jambo ambalo ni kosa na kila siku linafanyika. Wote wawili wameikimbia sheria, ila mmoja ameikimbia akiwa na ufunguo.

Kwa miaka sasa wizara ya ardhi imekuwa ikisema sheria ya kusimamia sekta ya nyumba inakuja. Ikija, mimi nisingepoteza muda kwenye bei. Ningegusa kodi ya mbele, isizidi miezi mitatu, na ningempa mwenyekiti wa mtaa nguvu ya kuandika tu kwamba tarehe fulani aliona paa linavuja, karatasi yenye muhuri, ili mpangaji akikata hela ya fundi asionekane mwizi. Wenye nyumba watasema watapandisha kodi kufidia. Wengine watapandisha, najua. Lakini wameshakuwa wanapandisha kila mwaka bila kutengeneza kitu, kwa hiyo hiyo hoja hainitishi sana.

Kwa sasa hivi, kabla ya sheria yoyote mpya, iingizwe mistari miwili kwenye zile karatasi za mkataba tunazonunua stationari: kitu cha chini ya elfu ishirini, kama taa na koki, anatengeneza mpangaji, cha juu ya hapo anatengeneza mwenye nyumba ndani ya siku kumi na nne, akishindwa mpangaji atengeneze na risiti ihesabike kodi. Mwenye nyumba muungwana atasaini maana inamlinda na yeye dhidi ya wale wa kumpigia simu usiku kwa ajili ya balbu. Akikataa, ni vizuri umejua wakati laki tatu na sitini bado iko kwenye simu yako.