Mjomba kapotea Rialto

Jamani huyu mjomba wangu wa Unguja alikuja kunitembelea huku Padova, na Venezia ni kama nusu saa tu kwa treni, nikasema twende akalione lile daraja la Rialto asije akarudi nyumbani akasema kafika Italia kaona jiko langu tu. Stesheni tukapanda boti ya abiria, tiketi euro 9.50 kila mtu, mjomba akashika kifua, kwa hela hiyo eti unakwenda Kizimkazi unarudi na pweza umenunua. Njia nzima kanuna.

Ila tulipofika Rialto akachangamka. Na kiukweli ni zuri, jiwe jeupe tupu, upinde mmoja umeruka mfereji mzima, liko hapo tangu 1591, na juu yake kuna vijiduka safu mbili halafu ngazi zinapita katikati. Sasa watu! Hupigi hatua hujakanyaga mtu. Nami nikajitia mwenyeji, namhadithia kwamba kabla ya hili lilikuwepo la mbao, mwaka 1444 watu wakajazana juu yake kutazama msafara wa maboti ya harusi ya bwana mkubwa mmoja wa Ferrara, likakatika likawamwaga majini. Mjomba akanitazama, akautazama ule umati, akauliza "Na hawa wote nani kawapima?" Nikageuka kupiga picha moja, kurudi namtafuta mjomba, hayupo.

Laini ya huku hana, simu yake inaongea kwenye waifai tu. Nimeshuka upande wa soko la samaki, nimepanda tena, nimeshuka upande wa pili, naita "Mjombaaa!" watalii wananipisha njia kama mgonjwa. Mara simu inalia, ni mkewe, yuko Unguja: "Mwanangu, mjomba wako kanambia yupo Darajani. Karudi lini? Nimemtuma mtoto hapo soko la Darajani kazunguka kote hamuoni."

Nikaishiwa nguvu. Nikamwambia bi mkubwa, huku kuna madaraja zaidi ya 400, hebu muulize yuko lipi. Akamuuliza, jibu likaja: "La mawe." Ahsante sana mjomba.

Basi atume picha. Ya kwanza ikaja ya kidole gumba. Ya pili sahani ya tambi nyeusi tii, na bi mkubwa akapiga tena analia, "Wanamlisha mkaa huko!!" Ni wino wa ngisi tu, ndio chakula chao wanachojivunia pale, lakini mweleze wewe mtu aliyeshapaniki. Bahati pembeni ya sahani palikuwa na leso ya karatasi ina jina la mgahawa, nikalitia kwenye ramani, vichochoro viwili kutoka nilipo.

Naingia namkuta mjomba kakaa katikati ya kundi la wazee wa Kijerumani, kofia yake ya kiua kichwani, sitika ya njano kifuani kama wenzake, na kile kidude cha kumsikilizia mtembeza watalii wao kaning'iniza shingoni. Kumbe aliposhuka darajani kaona dada kanyanyua kibendera, watu wanamfuata kwa adabu, akaona hawa ndio wenye mpango. Na Kijerumani cha salamu anacho, kauza viungo kwa watalii Nungwi miaka, kwa hiyo kawachangamkia wee, na wao kila mmoja anadhani kaja na mwenzake. Yule dada wa bendera kasimama pembeni anahesabu watu kwa kidole, anafika mwisho, anatazama karatasi, anaanza upya.

Nikamnong'oneza mjomba, twende. Hata shingo hakugeuza: "Tulia, aiskrimu haijaja. Halafu tunakwenda Murano kutazama wanavyopuliza vioo."

Dada akanisogelea, akanionyesha mjomba, akauliza kama huyu ni mtu wangu. Kabla sijafungua mdomo mjomba akawahi kumjibu, kwa Kijerumani kilichonyooka kabisa, kwamba mimi hanijui.