Ahsante, Nasimama Tu

Dereva wa tuktuk wa leo asubuhi, Mungu amsamehe maana mimi bado, amepita matuta matatu kama aliyeambiwa matuta ni ya wengine. Nilikuwa nimekaa kwa paja moja, mkono mmoja umeshika bomba la juu, wa pili umeshika heshima yangu. Akanitazama kwenye kioo: "Mzee, kaa vizuri bwana, umelipia kiti kizima."

Kiti kizima! Kijana, mimi kwa sasa kiti sikitaki, kizima wala kipande. Ninacho kimoja nyumbani, cha baiskeli, kina tundu katikati, na tangu kiingie kwangu wiki mbili zilizopita sijakaa mahali nikatulia.

Lawama zote nampelekea mtoto wa dada yangu, yule wa Mombasa. Alikuja Idi akaliona tumbo, akasema, "Mjomba, wewe fanya triathloni." Nikadhani ni dawa, unakunywa baada ya chakula. Kumbe ni kuogelea mita 1,500, ukitoka majini hujafa unapanda baiskeli kilomita 40, ukishuka unakimbia kilomita 10, siku hiyo hiyo, na wala hakuna anayekufukuza. Ati tangu mwaka 2000 kule Sydney ni mchezo wa Olimpiki. Hapa Malindi mtu akiogelea sana ujue chombo kimezama, akiendesha baiskeli sana hana nauli, akikimbia ameonwa na anayemdai. Wenzetu wamezikusanya shida zangu tatu wakaziwekea medali. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikakubali.

Kuogelea sisemi. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki unatushushia udongo wa watu mpaka bahari inakuwa chai ya maziwa, unapiga mbizi mkono wako mwenyewe huuoni. Kukimbia pia sisemi, ila wale watoto wa Barani wanaonifuata nyuma wakiimba wajue wazazi wao nawafahamu.

Tuje kwenye kiti. Baiskeli yangu nilikuwa nayo na kiti chake kipana, laini, godoro kabisa. Lakini nikifika daraja la Sabaki, ganzi. Nikifika Mambrui, miguu mpaka niitazame ndipo nijue ipo. Na kurudi ndiko kwenye kazi, maana msimu huu upepo ni wa kusi: ukielekea Mambrui unakusindikiza kama mgeni wa harusi, ukigeuza tu unakudai kila mita uliyokula.

Mpwa wangu akanieleza kwamba adui ni lile godoro. Ukikalia sponji laini, ile mifupa miwili ya makalio inazama, sponji inafura katikati na kubana mishipa ya sehemu ambazo mimi na wewe hatujazoeana kiasi cha kuzitaja. Kiti cha wanamichezo ni kigumu makusudi, kinabeba mifupa, na katikati kimeachwa wazi ili mishipa ipumue. Wale wanaolalia usukani kama wanachungulia kisima ndio wanaoegemea mbele zaidi, kwa hiyo vya kwao mpaka pua, ile ncha ya mbele ya kiti, imepasuliwa. Akanitumia kimoja kwa basi. Bei nilimwambia aniandikie, asiitaje kwa sauti, mke wangu alikuwa jikoni.

Fundi wangu wa baiskeli yuko chini ya mwarobaini, katikati ya fundi cherehani na muuza kahawa, mbele ya baraza la wazee ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakifika wala wakiondoka. Akakipokea kiti, akakigeuza, akachungulia tunduni, akaniona upande wa pili.

"Kimeliwa na nini hiki?"

"Ndivyo kilivyo, fundi."

"Na pesa umetoa?"

Nikanyamaza.

"Basi kalete kipande cha godoro, nikuzibie."

Nikamwambia tundu lile lina kazi yake. Mzee mmoja, mwenye kofia ya kazi ya mkono, akauliza kazi gani. Hapo ndipo nilipokosea, nikaanza kueleza. Nilieleza kwa adabu, kwa mafumbo, nikizunguka mbali kama mshenga. Baraza zima likaacha bao.

"Kwa hiyo hewa inapita hapo," akasema mzee.

"Naam."

"Ikienda wapi?"

Nikaona nibadilishe mazungumzo, nikajitia kwenye kubwa zaidi. Nikasema mpwa wangu ameagiza kabla ya kufunga kiti tupime mifupa, tujue kama upana unanifaa. Unachukua kipande cha katoni, ile yenye mawimbi ndani, unakiweka juu ya kitu kigumu, unakalia na kuinua miguu ili uzito wote ushuke. Ukiondoka unakuta vishimo viwili, unapima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Hili ni jambo la chumbani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Kabla sijamaliza kulisema hivyo, muuza kahawa alikwisha kurarua katoni ya sabuni akaitandika barazani.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

"Inua miguu."

Nikainua. Mtu mzima, miaka arobaini na saba, karani wa mizigo kwenye ofisi ya mabasi, ambaye vijana wakinipita wanasema shikamoo, niko juu ya saruji miguu hewani kama kuku anayepelekwa sokoni. Na saa hiyo hiyo akatokea yule mama wa magunia mawili ya embe yaliyopotea njiani tangu Jumatatu, ambaye ofisini waliambiwa wamwambie niko kwenye mkutano. Akasimama. Akanitazama kuanzia soli za viatu.

"Ndio mkutano wenyewe huu?"

Wazee wakamkaribisha kahawa.

Nilipoinuka wakainamia katoni kama wanatafuta mwezi wa Ramadhani. Mmoja anaona vishimo viwili, mwingine anaona kimoja na nusu. "Cha kulia kimezama zaidi, huyu anakaa upande." "Si upande, ni pochi mfukoni." "Pochi ya karani ina nini cha kutoboa katoni?" Yule mama wa embe naye, bila kualikwa, akaweka kidole: "Kishimo hiki hapa, nyinyi macho hamna." Fundi cherehani ndiye aliyetuokoa. Alikuja na futi yake shingoni, akapima mara mbili, "Inchi nne na nusu," akaandika daftarini chini ya vipimo vya kanzu ya mtu, kisha kwa mazoea akaniuliza, "Waitaka lini?"

Upana ukaonekana unafaa. Kikafungwa. Sasa mpwa anataka kilale sawasawa, kisiinamishe pua wala kuiinua: pua ikiwa juu inakuchoma, ikiwa chini unateleza mbele na mikono ndiyo inayokubeba. Pima maji ya mwashi hakuna. Fundi akaazima rula ya mbao ya cherehani, akailaza juu ya kiti kuanzia nyuma mpaka puani, na juu ya rula akaweka kikombe cha kahawa kilichojaa mpaka mdomoni. Kahawa ikamwagika upande wa pua. Akalegeza nati, akasukuma kidogo, kikombe cha pili. Ikamwagika nyuma. Kikombe cha tatu kikatulia, uso wa kahawa umesimama sawa na ukingo pande zote, hata mvuke wake ulipanda wima. Tukakitazama kwa muda. Mzee akakichukua akakinywa, akasema kahawa haichezewi. Vyote vilivyomwagika na vilivyonywewa, na cha yule mama, nikalipa mimi.

Urefu ulikuwa rahisi: kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Nikapanda, nikaenda mita mia, nikarudi nikitembea.

Wiki mbili sasa. Ganzi imekwisha, nisiwe mwongo. Ila mifupa ile miwili, sikuwahi kujua ninayo, leo naweza kukuchorea. Mpwa anasema mwili unazoea, niende nusu saa leo, kesho kutwa niongeze kidogo. Kuna na kaptula ya kubana yenye sponji, ambayo ndani yake havaliwi kitu, habari niliyoshindwa kumfikishia mke wangu kwa lugha yoyote. Kuna na mafuta ya mgando, kopo la mtoto, ambalo sasa linafichwa. Ofisini naandika risiti nimesimama. Bosi anadhani ni bidii.

Halafu watu wanacheka. Hapa sitanii. Nilipokuwa na tumbo mlicheka, mkaniita tajiri wa chapati. Nimeanza kulitoa tumbo mnacheka tena, kwa sauti ile ile, watu wale wale! Alfajiri malori ya Mombasa yananisukuma kwenye mchanga, jua likichomoza nimeshalowa, nafika nyumbani mfereji mkavu siku ya tisa, hata kuoga nioge kwa kikombe, halafu jirani ananiuliza kama nimeshinda. Nimeshinda nini?

Na lile godoro langu nililomwachia fundi nimelikuta juzi. Lipo kwenye baiskeli ya kijana anayeuza maji, amelifunika mfuko wa nailoni lisilowe. Madumu manne nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu, anaongea na mtu wake kwa raha zake. Akanipita pale njia ya kwenda Gede, mimi nikiwa nimesimama juu ya pedeli kwa sababu unazozijua.

Nikampigia kelele aniletee madumu mawili nyumbani. Akasema bei imepanda, halafu niyafuate mwenyewe, si nina baiskeli.