Bakshishi ya Moshi

Zamani mgeni akishuka chomboni alitia mkono mfukoni, akatoa noti, mkaagana kwa wema. Siku hizi anatia mkono mfukoni anatoa maelezo. Mmoja kaniachia kofia ambayo jasho lake mwenyewe lilikuwa halijakauka. Mwingine kaniachia kitabu cha Kijerumani. Mwingine kaniahidi nyota tano mtandaoni, kapteni mzuri sana, samaki mtamu sana. Nyota! Niende nazo kwa muuza mafuta nimwambie nijazie dumu, nitakulipa nyota mbili, chenji baki nayo?

Lakini Mmarekani wa majuzi kawafunga wote. Nilimpeleka kutazama jua likizama, tukapita Shela hapa kwetu Lamu, tukazungukia mikokoni upande wa kisiwa cha Manda, kaskazi imetulia, samaki nimemchomea mwenyewe, chai ya tangawizi nimemmiminia mwenyewe. Tuliporudi nikasimama gatini na uso wangu ule wa kupokea. Akanipa siga. Moja. Nene, rangi ya kahawa iliyoungua, imevishwa pete ya karatasi yenye nakshi za dhahabu. Akanishika bega akaniambia nisiichanganye na sigara za dukani, hii imelazwa kwenye pipa.

Nikamuuliza bei yake huko kwao. Akaitaja. Nikaigeuza kichwani ikawa petroli ya injini, nikakaa chini kwenye ngazi.

Maana njia nzima alikuwa akinisomesha, na mtu aliyeshika usukani hana pa kukimbilia. Tumbaku yenyewe, alisema, imelimwa Nikaragua. Jani linaning'inizwa bandani likauke, kisha yanarundikwa malundo makubwa, yanajipika kwa joto lake yenyewe mpaka banda zima linatoka harufu kali ya amonia, yanapinduliwa, yanarundikwa tena, miezi kwa miezi. Hapo sina neno. Kila kazi ina uvundo wake, na mimi nimewahi kubeba papa wa kukaushwa kwa jahazi.

Neno ninalo kwenye pipa. Kule Marekani wana kileo chao kinaitwa bourbon. Sheria yao inataka nafaka yake angalau asilimia 51 iwe mahindi. Ndiyo, mahindi, haya haya ambayo bei ya unga wake inatugombanisha na wake zetu. Na sheria hiyo hiyo inasema kileo hicho lazima kilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa moto kwa ndani. Kipya! Pipa likishatumika mara moja, bourbon nyingine haliruhusiwi kutiwa. Basi mapipa yale yanaanza kutangatanga duniani. Waskoti wanayachukua kwa wiski yao, wengine wanatia ramu, wengine sosi ya pilipili, na watu wa tumbaku nao wakaona wasipitwe, wakashindilia majani. Wengine hulaza yale ya ndani tu, wengine lile la nje linalofungia. Likitoka humo limenyonya harufu ya pipa, na bei nayo imepanda.

Yaani ni mitumba. Sisi shati la mtumba tukilinunua sokoni Kongowea, la kwanza ni kulifua ile harufu ya mwenyewe itoke. Wao harufu ya mwenyewe ndiyo wanayoilipia.

Nikamuuliza kwa nini asivute zile za Kuba ambazo hata sisi tumezisikia. Akacheka, akanipa kisa cha rais wao Kennedy. Mwaka 1962, kabla hajatia saini ya kupiga marufuku biashara na Kuba, alimtuma msemaji wake Pierre Salinger usiku akamtafutie siga za Kikuba. Asubuhi yule bwana akaja na 1,200. Kennedy akafurahi, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akasaini. Mkubwa kwanza huingia ndani, halafu ndiyo anafunga mlango.

Basi nikafika nyumbani na utajiri wangu. Mama watoto akauliza, "Baba watoto, mgeni kalipa?"

"Kalipa."

"Ziko wapi?"

Nikaitoa. Akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. Hakusema kitu. Mke asiposema kitu, mwanamume aliye na akili anaanza kufikiria jahazini kuna mkeka au hakuna. Akaichukua kwa vidole viwili, akafungua kasha lake, akaitumbukiza chini kabisa ya nguo za harusini, akafunga, ufunguo akaufundika kwenye pindo la leso. "Itakaa humo," akasema, "mpaka pesa ya unga ipatikane."

Sasa yule mgeni alikuwa amenionya. Siga, alisema, inataka sanduku la mwerezi lenye unyevu wa asilimia 65 mpaka 70, isikauke ikapasuka, isilowe ikaota ukungu. Nikamwambia bwana, hapa Lamu unyevu ni wa bure, chumvi yenyewe haitoki chupani mpaka uigongegonge. Ila alisema na jingine, ambalo mimi nililipuuza kwa sababu samaki alikuwa anaungua: siga hunyonya harufu ya chochote inacholala nacho.

Na kasha lile mnalijua, au mnalo la mama zenu. Kila nguo inayoingia humo imefukizwa udi kwanza juu ya chetezo. Kuna kichupa cha halud, yale mafuta ya manukato, ambacho kizibo chake kimelegea tangu mkubwa wetu anazaliwa. Kuna vikuba vilivyokauka, kuna asmini za harusi ya dada yake, kuna karafuu za kufukuzia nondo. Ndani ya hayo, mateka wangu akalala.

Unga ukapatikana, ufunguo ukatoka pindoni. Likaja suala la pa kuvutia. Hadharani huwezi, sheria ya tumbaku ya 2007 haitaki, na mimi sina pesa ya faini ya anasa niliyopewa bure. Nyumbani usiniulize. Darini juu kuna makuti, na kitu kinachowaka saa nzima chini ya makuti mjini kwetu, ambako nyumba zimeegemeana mabega, majirani watakuja na ndoo kabla hujavuta ya pili. Tukaishia chomboni, nanga imetiwa. Ami alikuja kwa sababu ya umri wake. Mwalimu mstaafu kwa sababu ya elimu yake. Kijana wa punda kwa sababu alituona.

Ami ndiye aliyekuwa na swali. "Mwanangu, hilo pipa lilikuwa na nini?"

Nikajikohoza. "Mahindi, Ami."

"Mahindi makavu?"

"Ya maji."

Akanielewa. Akajitenga mwisho wa chombo, akasema yeye hatii mdomoni kitu kilicholala na ulevi, hata kama ulevi umekauka, lakini harufu inayopita njia yake na upepo haimhusu. Kisha akauangalia upepo, akahama akaja kukaa upande unaoelekea moshi.

Kukata kichwa cha siga kunahitaji kikataji maalumu. Tukatumia kile chombo cha Ami cha kukatia popoo za tambuu, na nawaambia hakuna Mmarekani aliyekatiwa siga safi kuliko ile. Hapo unatakiwa uivute kwanza bila moto, uonje ladha ya baridi. Nikaivuta. Nikasimama. Nikampa Mwalimu bila kusema neno. Mwalimu akavuta, akafumba macho, akasema taratibu, "Hii harufu naijua, lakini siwezi kuitaja, ni ya chumbani kwa watu."

Tukaiwasha kwa kaa la jikoni maana viberiti vilishindwa na upepo. Kiasi cha mvuto mmoja kwa dakika, nikawaambia, na moshi unakaa kinywani tu, haumezwi. Kijana wa punda, aliyezoea sigara za kununua moja moja, akaumeza wote. Akatabasamu. Kisha akaacha kutabasamu. Jasho likamtoka, rangi ikamtoka, akauliza kwa nini mji unazunguka. Tukamlaza juu ya tanga tukamlisha halua, wanasema sukari inasaidia mtu aliyelewa nikotini. Siga moja nene inaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara, na huyu alitaka kuimaliza kwa pumzi moja. Mwalimu akaongezea kwamba hata asiyemeza hajasalimika, saratani ya kinywa haiulizi moshi umefika wapi. Alisema hayo huku anaivuta.

Tukaanza kazi ya kutathmini. Mgeni alikuwa amenipa ladha za kutafuta: vanila, karameli, mwaloni, pilipili manga, ngozi, udongo. Ngozi! Ngozi ninazozijua mimi ni za ngoma na viatu, na udongo mtu anautafuta mjamzito. Tukatafuta vanila theluthi ya kwanza ya siga, hatukuona. Mwaloni hakuna kati yetu anayeujua, hata ungepita hapo tusingeusalimia. Kilichokuwapo ni udi. Udi, kisha halud, kisha karafuu inayochoma pembeni ya ulimi, halafu kwa mbali sana, nyuma ya asmini, kitu kitamu kilichoungua ambacho pengine ndicho lile pipa masikini linaomba lisikike. Nikatoa moshi kwa puani kama nilivyofundishwa, na wallahi nilijiona ninarudi usiku wa harusi yangu, na babu wa mke wangu amesimama mlangoni.

Theluthi ya pili upepo ukageuka, ikaungua ubavu mmoja. Tukaigeuza, tukaipoza, ikajiweka sawa. Jivu lake lilikuwa zuri kweli, gumu, jeupejeupe, likasimama karibu inchi nzima bila kuanguka, na Mwalimu akalisifu kwamba ndiyo alama ya jani refu lililosokotwa vizuri. Likamwangukia Ami kwenye kanzu katikati ya sifa.

Huko kwao siga hupewa alama juu ya 100. Mwalimu kusikia hivyo akawa kijana tena, akaomba kalamu. Sura akaipa za kutosha. Mvuto pia. Kwenye ladha akaandika "ameacha swali akajibu lisiloulizwa," akakata. Jumla 61, chini yake akatia sahihi. Nikamwambia Mwalimu, hawa watu mara nyingi hawashuki chini ya 80. Akasema ndiyo maana hawajui kusoma.

Tathmini ya maana aliitoa Ami, ambaye hakuivuta. Alisema upande wa mwanzo ni udi wa Bara Hindi, si ule wa vijiti unaouzwa siku hizi. Alisema halud ni ya zamani, kuna waridi ndani yake. Alisema asmini imekaa kupita kiasi. Kisha akaniuliza kama mama watoto bado analo lile kasha la msaji la bibi yake. Sote tukamtazama. Akasema alikuwapo likibebwa siku ya harusi, msitie maneno.

Kosa langu kubwa ni mdomo. Nilirudi nyumbani nikasimulia yote, pipa, mahindi, bei, na namna dunia inavyolipia kitu kwa sababu tu kimelala mahali penye harufu. Nikidhani tutacheka pamoja. Mama watoto hakucheka. Aliuliza pipa la Mmarekani limetumika miaka mingapi. Nikasema miaka michache, halafu wanalitupa. Akaangalia kasha lake, lenye misumari ya shaba mpaka kwenye miguu, lililotumika tangu kwa bibi yake.

Kesho yake alikuwa gatini kabla yangu, anaulizia wageni wavutao siga. Mgeni alete zake, zitalala kwa bibi. Mwezi mmoja bei yake, miezi mitatu bei yake, akitaka na asmini mbichi ni mazungumzo mengine. Hoteli moja ya Shela tayari imetuma mtu kuuliza. Nguo zangu mimi zimeshatolewa kasha­ni, ziko juu ya kitanda. Nimemuuliza sasa kanzu zangu nitazitia wapi. Amesema ukutani misumari ipo.